Mti Unaotaka Kunyooka

Mama alikuwa akitafuta fimbo huku akisema samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo tuliijua kwa mapaja kabla ya kuijua kwa masikio. Nilipoingia useremala nikaona ina ukweli wake: ubao mbichi ukiuegemeza ukutani ovyo leo, baada ya mwezi umeshika umbo la uzembe wako na hauliachi tena. Basi mwaka juzi, nilipoamua kuchonga upinde, nilichukua mti mbichi, nikauchonga siku hiyo hiyo, jioni nikaufunga kamba. Ulikunjika bila ubishi. Asubuhi nilipoifungua kamba, mti ulibaki umekunjika vile vile, utadhani kamba bado ipo.

Mjomba aliugeuzageuza mkononi kama mtu aliyeshika mpini. "Mpwa wangu," akasema, "kikapu chake kiko wapi?"

Mimi ni fundi wa vitanda, milango na makabati, Singida mjini. Mjomba, kaka yake mama, yuko Mkalama, kaskazini mwa mkoa, kwenye nchi ya Wanyisanzu. Ukiendelea kushuka kutoka kwao kuelekea bonde la Ziwa Eyasi unawakuta Wahadzabe. Majirani hawa wamejuana zamani sana: asali na nyama zilipanda, nafaka na chuma zikashuka, na watu wakaoana. Mjomba alijifunza kuchonga upinde kutoka kwa majirani hao enzi za ujana wake, alipokuwa akilinda mtama usiliwe na nyani na nguruwe pori. Siku hizi hawindi chochote. Sheria ya wanyamapori ya 2009 anaijua vizuri kuliko mimi. Anachonga kwa sababu wajukuu wanataka, na kwa sababu akikaa bure mikono inamwasha.

Neno upinde linapotosha kidogo. Limetokana na kupinda, na ukimwambia mtoto achore upinde atachora kitu kilichopinda. Lakini kupinda ni kazi yako wewe unayevuta. Kazi ya mti ni kunyooka, tena kwa haraka na kwa hasira, na mshale unaondoka kwa sababu ya huko kunyooka. Ule mti wangu wa kwanza ulikuwa mtiifu mno. Ilinichukua mwaka na miti mingine miwili kuelewa jambo ambalo mjomba alikuwa ameshalisema lote kwa swali la kikapu.

Mti wenyewe ni mkole. Aliyekulia vijijini anaujua kwa vitunda vyake, vile ambavyo watoto wa kuchunga hula siku nzima na kutema kokwa. Wamasai hukata fimbo zao humo. Haukui kwa shina moja kubwa. Unatoa machipukizi mengi kutoka chini, mengine yamenyooka kabisa, kwa hiyo ukikata moja mti haufi. Tuliingia porini mapema, mjomba mbele na panga, mimi nyuma na futi kamba mfukoni, naye akaitazama ile futi kamba kama mtu anayemwona mgeni amevaa viatu kwenye mkeka.

Alikuwa akitafuta chipukizi lenye unene wa kifundo cha mkono wake, lisilo na tawi kwa urefu wa mtu na zaidi. Likipinda kidogo upande mmoja hajali. Anachokagua kwa muda mrefu ni gome. Mistari ya gome ikipanda wima, nyuzi za ndani nazo zimepanda wima. Ikizunguka kama kamba iliyosokotwa, anaupiga mti kofi dogo na kuuacha. Tuliacha saba. Nilijifunza kitu ambacho karakana haijawahi kunifundisha, maana kwangu mti hufika umeshapasuliwa mbao, gome lilishabaki mashineni, na ninanunua uso tu.

Halafu, baada ya kuupata, alikataa kuukata. Mwezi ulikuwa unaelekea kuwa mpevu, na yeye anashikilia kwamba mti unaokatwa mwezi ukiwa mkubwa huliwa na bungua. Nimeona mbao nyingi zilizoliwa na bungua, na hakuna hata moja iliyoniambia ilikatwa tarehe gani. Sikubishana. Panga lilikuwa lake. Nilirudi baada ya siku kumi na moja.

Kinachofuata hakina raha: kusubiri. Gome linabanduliwa mti ukiwa mbichi, linatoka kama soksi, na chini yake kuna uso mweupe, laini, unaoteleza. Uso huo usiuguse kwa chuma. Nitaeleza kwa nini, maana mimi niliambiwa hivyo hivyo bila sababu na ndiyo maana sikusikia. Ncha mbili zinapakwa rangi ya mafuta, kwa sababu mti hukauka haraka zaidi kupitia nchani na hapo ndipo nyufa huanzia. Mjomba hupaka samli iliyoharibika. Kisha unapunguza tumbo, yaani upande ulio kinyume na uso huo, kwa tezo mpaka ibaki kama nusu ya unene, unauweka juu ya dari ya jikoni pasipofikiwa na moto wenyewe, na unakwenda kutengeneza vitanda vya watu.

Nilikuwa naupima kila Jumapili kwa mizani ya duka la jirani. Jumapili ya kwanza gramu 1,640. Ya tatu 1,410. Kushuka kukapungua, hadi wiki ya tisa na ya kumi ukasimama kwenye 1,210. Mti ukiacha kupungua uzito umekwisha kupatana na hewa ya mahali, na hauna maji mengine ya kutoa. Mjomba hana mizani. Anaugonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Mbichi husema *dubu*, mkavu husema *kengele kidogo*. Maneno ni yake. Nimejaribu kusikiliza hiyo kengele na ninakubali kwamba ipo, ila naiamini zaidi mizani.

Sasa huo uso usiotakiwa kuguswa.

Upinde una mgongo na tumbo. Ukiushika tayari kupiga, upande unaotazama shabaha ni mgongo, upande unaokutazama wewe ni tumbo. Ukivuta, mgongo unanyooshwa kwa urefu na tumbo linabanwa. Mti ni mafungu ya nyuzi ndefu zilizoshikana. Nyuzi zilizo nzima kutoka ncha hadi ncha zinavutika kwa nguvu ya ajabu. Lakini uzi uliokatwa katikati haushikilii kitu. Unaishia hapo, na mzigo wake unawaangukia jirani zake. Chini tu ya gome la mti mchanga, maumbile yameshakupa uso ambao hakuna hata uzi mmoja uliokatwa. Ndiyo sababu watu wa nchi kavu ya kwetu hawakupasua mbao ili wapate upinde. Walichukua mti mwembamba mzima, wakaacha mgongo wake kama ulivyoumbwa, wakachonga upande mwingine. Pinde za Wahadzabe mpaka leo ni fito za mviringo zinazopungua kuelekea ncha.

Mimi ni seremala. Uso wenye mawimbi unaniumiza. Mti wa pili ulipokauka niliubana kwenye jiriwa, nikachukua randa, nikaupitisha mgongoni mara sita au saba, kidogo tu, ili ukae sawa. Ulipendeza. Nyuzi zilionekana kama mistari ya daftari, nikazipiga na msasa juu yake, nikaupiga picha nimwonyeshe mke wangu. Kwenye mti ule, kila wimbi nililolilaza lilikuwa mahali ambapo nyuzi zilipanda na kushuka, na kila nilipolilaza nilikuwa nimekata mamia ya nyuzi. Siku ya kuuvuta, kamba ilipofika kama sentimita 50 kutoka kishikioni, nilisikia *tik*, sauti ndogo kama ya kucha. Ningekuwa na akili ningeacha. Niliongeza sentimita mbili. Kibanzi kirefu kikanyanyuka mgongoni, mti ukakatika vipande viwili na kimoja kikanipiga kidevuni. Nina alama.

Vile vipande ninavyo bado, juu ya rafu ya misumari. Mteja mmoja aliniuliza ni vya nini, nikamwambia ni sampuli. Kuna wakati, nikiwa na kidevu kilichoshonwa, nilikuwa nasoma kwenye simu habari za yule mtu aliyekutwa mwaka 1991 ndani ya barafu, kwenye milima ya mpaka wa Austria na Italia, aliyekufa miaka 5,300 hivi iliyopita. Alikuwa na upinde wa urefu wa mita 1.82, na upinde huo haujamalizika. Alama za chombo cha kuchongea bado zimejaa juu yake. Katika mishale 14 aliyobeba, iliyokamilika ni 2. Watu huandika sana juu ya jinsi alivyouawa. Mimi nilibaki naziangalia zile alama za kuchonga kwenye picha, nikiwaza alikuwa amefikia hatua gani, na kwamba hakuwa na haraka kama mimi.

Sehemu mbili zinazotoka kwenye kishikio kwenda juu na kwenda chini mjomba anaziita mikono. Mkono wa juu na mkono wa chini. Kazi yote ya upinde iko hapo, na kazi yenyewe ni moja: kuifanya mikono hiyo miwili ipinde pamoja, kila sehemu yake ikibeba mzigo wake, pasiwe na mahali pavivu wala mahali panapouawa. Kueleza ni sekunde kumi. Mti wangu wa tatu ulinichukua jioni kumi na nne.

Kwanza nikuambie jambo ambalo fundi yeyote wa paa analijua hata kama hajawahi kuliandika. Chukua mbao ya inchi mbili kwa nne, iweke juu ya matofali mawili ikiwa imelala, ikanyage: inanesa. Isimamishe kwa upande wake mwembamba, ikanyage tena: ni ngumu mara nne, na mbao ni ile ile. Ukiongeza upana mara mbili, ugumu unaongezeka mara mbili. Ukiongeza unene mara mbili, ugumu unaongezeka mara nane. Igeuze hesabu hiyo uone inavyotisha: ukiupunguza unene kwa sehemu moja tu ya kumi, umepoteza asilimia 27 ya ugumu. Mkono wa upinde wenye unene wa milimita 20, ukiondoa milimita 2, umeondoa zaidi ya robo ya ugumu wa mahali hapo. Milimita 2 kwenye kitanda ni kitu cha kuziba kwa gundi na vumbi la msumeno. Kwenye upinde ni msiba. Kwa hiyo tezo na randa zilirudi kwenye sanduku, nikabaki na tupa la mbao, kisu, na kipande cha kioo kilichovunjika, ambacho kikishikwa wima na kuvutwa hukwangua unga mwembamba kama wa muhogo.

Nilipigilia kigingi ukutani karakana, juu ya usawa wa kichwa. Upinde unakaa juu yake kwa kishikio, mikono ikiwa imening'inia huku na huku. Kamba ndefu inashuka, inashikwa na mizani ya ndoano niliyoazima kwa muuza nyama, kutoka kwenye mizani kamba nyingine inapita kwenye kapi iliyofungwa sakafuni na kunirudia mimi niliyesimama hatua nne nyuma. Ukutani nilichora mistari ya chaki kila sentimita 5, ya kulala na ya kusimama. Sasa ninaweza kuvuta na kutazama kwa wakati mmoja, na ukivunjika kidevu changu kiko mbali.

Mara ya kwanza kuvuta ni kidogo sana, kiganja kimoja. Unatazama. Mkono wa kushoto ulipinda karibu na kishikio tu, kisha ukaendelea hadi nchani ukiwa umenyooka kama rula. Mkono wa kulia ulipinda vizuri zaidi, ila theluthi ya njia kutoka nchani palikuwa na kifundo cha tawi la zamani, na hapo palikuwa pamekakamaa. Unashusha kamba. Unaweka alama za penseli kwenye tumbo, pale pagumu tu. Unakwangua zile alama hadi ziishe, hupiti hapo. Kisha unavuta mara 20, taratibu, bila kuzidisha, kwa sababu mti hausemi ukweli mara moja. Unahitaji kuzoeshwa ndipo ukuonyeshe ulichoufanyia. Ndipo unatazama tena.

Nilidhani kanuni ni kutengeneza pale penye kasoro. Ndivyo tulivyofundishwa: pabovu pakarabati. Kwenye upinde mkono ukipinda kupita kiasi mahali fulani, macho yanavutwa pale, na mkono wenye kisu unafuata macho. Lakini pale panapopinda sana pameshakuwa pembamba. Huwezi kurudisha mti. Kisu kinatakiwa kiende mahali pengine pote, pale pagumu pasipofanya kazi, ili papunguzwe na paanze kubeba. Pabovu hapaguswi kabisa. Unapaponya kwa kuchonga majirani zake. Jioni ya sita nilikuwa naijua kanuni hii kwa kichwa, na jioni hiyo hiyo niliivunja. Karibu na kifundo, upande wa ndani, nilipitisha tupa mara mbili zaidi ya alama, na nilipovuta niliona upinde umefanya bawaba.

Seremala mwenzangu ataelewa. Badala ya tao, mkono ulikunjika mahali pamoja kama mlango. Ukiiacha bawaba hivyo, kila unapovuta tumbo la pale linasagwa. Utaona vimikunjo vyembamba vinatokea kwa kukata mti, kama makunyanzi pembeni ya jicho, na hivyo ukishaviona upinde umekwisha, ni suala la siku. Havikuwa vimetokea. Nilikaa juu ya kreti nikaangalia ule mstari wa chaki kwa muda mrefu. Kisha nikaanza kuchonga kila mahali isipokuwa pale: nje ya kifundo mpaka nchani, ndani mpaka kishikioni, halafu mkono wote wa pili ili ulingane na wa kwanza. Kifundo chenyewe nilikizungushia mti wa ziada, kikabaki kama goti, maana nyuzi zinapokipita zinapinda kukizunguka na zinahitaji nafasi. Upinde uliokuwa unaelekea kilo 24 kwenye mizani ulishuka hadi 20, kisha 18. Hivyo ndivyo kosa linavyolipwa. Hakuna kuongeza, kuna kushusha kila kitu hadi kilingane na pale ulipokosea.

Mjomba alikuja mjini wiki hiyo kwa ajili ya macho yake. Alikaa karakana siku mbili akinitazama nikivuta na kushusha, akatikisa kichwa mbele ya chaki zangu. Yeye upinde mmoja ni siku moja na nusu, kisu na panga. Hana kigingi. Saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelala, anasimama ubavuni mwa ukuta, anavuta taratibu na kutazama kivuli. Kivuli hakina nyuzi wala rangi wala kifundo, kina umbo tu, kwa hiyo macho hayadanganyiki. Nikajaribu. Ni njia nzuri kuliko yangu kwa kuona umbo lote mara moja, na tangu hapo naitumia kila jua likiruhusu. Lakini kwa kuwa mimi ni mtu wa futi kamba, niliomba upinde wake mwenyewe, alioutumia zaidi ya miaka ishirini, nikauweka kwenye kigingi. Mkono wa chini ulizidi wa juu kupinda kwa sentimita 2 nzima, wakati inatakiwa wa chini ndio uwe mgumu kidogo, kwa sababu mshale unapita juu ya kiganja na mkono wa chini hubebeshwa zaidi. Nilimwonyesha mistari ya chaki. Sikuweza kuficha furaha.

"Kweli," akasema. "Lakini nyani nao hawakupima."

Kuhusu kamba nitasema kidogo. Kiswahili cha zamani kina neno lake, upote, na natamani lingerudi. Upote mzuri ulisokotwa kwa kano za mnyama, zikalowekwa, zikapasuliwa, zikasokotwa zikiwa na unyevu. Mjomba bado anao mmoja wa kano za ng'ombe. Mimi nilisokota uzi wa nailoni wa wavuvi wa Ziwa Kitangiri na kuupaka nta ya nyuki. Nailoni inavutika zaidi ya inavyotakiwa, na nguvu nyingine inapotea humo, ila haili mikono ya upinde na haioti ukungu masika.

Kitu kingine: ukimaliza kupiga, legeza. Upinde hauachwi na kamba, sembuse kuachwa umevutwa. Shuleni tulisimuliwa habari za Fumo Liyongo wa pwani ya kaskazini, jinsi mwanawe alivyomchoma kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa amelala, naye akaamka, akachukua uta wake, akaenda kisimani akapiga magoti na kuweka mshale tayari kufuma, na akafia hapo. Watu wa mji wakashindwa kuteka maji kwa siku kadhaa wakidhani yu hai. Tulipokuwa watoto tuliogopa ule mwili uliopiga magoti. Siku hizi hadithi hiyo ikinijia nawaza uta. Kama kweli ulikaa umevutwa muda wote huo, basi mama yake Liyongo alipofika na kumkuta mwanawe amekufa, na uta nao ulikuwa umekwisha. Mti ukishikiliwa umepinda muda mrefu husahau ulipotoka.

Jioni ya kumi na nne niliacha. Hakuna dalili inayokuambia umemaliza. Unafika mahali ambapo kila ukichukua penseli huoni pa kuweka alama, au unapaona lakini unaogopa. Mikono ilipinda kama mwezi mchanga, wa juu ukizidi kwa milimita 4, na kishikio nacho kilishiriki kidogo kabisa, nilikihisi kinapumua kiganjani. Nilipaka mafuta ya ufuta. Kwa urefu wa kuvuta wa sentimita 65, mizani ilisoma kilo 16. Nilitaka 20. Pinde za Wahadzabe zilizopimwa zinadai kilo 30 hivi kwa wastani, na mtoto wao wa kiume anapata upinde wake wa kwanza akiwa na miaka mitatu hivi, kwa hiyo mwili unakua pamoja na mti. Wawaata wa upande wa Tsavo, Kenya, waliowinda tembo, walivuta zaidi ya kilo 45. Mimi na kilo zangu 16 tunapiga gunia la pumba nyuma ya karakana, hatua ishirini, na mara nyingi tunalipata.

Mjomba alipoujaribu hakusema kitu. Alivuta nusu, akashusha, akavuta tena akiangalia ukutani, kwenye kivuli. Kisha akatoa kisu chake mfukoni, akauweka upinde wangu juu ya goti, na bila kuniuliza akakwangua mara mbili, nyembamba, kwenye mkono wa juu karibu na ncha. Mbele ya macho yangu! Jioni kumi na nne! Nikachukua, nikavuta. Ulikuwa laini zaidi mwishoni, ule ukakamavu niliokuwa nauona ni wa kawaida haukuwepo. Nikaupima baada ya yeye kulala: kilo 15 na nusu.

Ukilegeza kamba sasa, ncha zinarudi hadi zinabaki nyuma kwa sentimita 2 tu. Wa kwanza, ule wa kikapu, ulibaki sentimita 14. Mke wangu anaanikia nguo za mtoto juu yake.

Mti wa nne tuliukata mwezi wa sita, mwezi ukiwa umekufa, kwa amani ya familia. Hauna kifundo hata kimoja kwa mita moja na nusu. Gome lilitoka zima, mgongo sijaugusa, hata kwa msasa, na nimemkataza kijana wangu wa karakana kuupapasa. Uko juu ya dari ya jikoni. Jumapili iliyopita ulikuwa gramu 1,385. Bado unashuka.